Bugonoka, Rosa na Njia ya Kurudi Kwao

Kirumba, Mwanza

Tangu ilipotoka mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni kwa muda, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, imekuwa kama baraza ambamo Rosa huwekwa kizimbani. Wapo wasemao aliponzwa na uhuru: alitoka kijijini Ukerewe, akavuka ziwa kuja kusoma Mwanza, kisha akaenda chuo cha ualimu Morogoro, na huko akapotea. Wengine humlaumu baba yake, Zakaria, mlevi aliyempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Rai zote mbili humtazama Rosa peke yake. Mimi naona asomwe pamoja na mwanamke mwingine wa kisiwa kile kile, Bugonoka wa Aniceti Kitereza.

Kitereza alimaliza kuandika habari za Myombekere na mkewe Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Alipokosa mchapishaji aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kufariki kwake. Bugonoka hana mtoto, na jamaa za mume wanamsimanga hadharani. Baba yake anakuja kumchukua. Hakuna ugomvi wa ngumi. Mwana anarudi kwao, basi. Na sasa Myombekere, aliyekuwa mwenye mji, anageuka mwombaji: awaendee wakwe, aketi kwa adabu, asikilize makosa ya jamaa zake, akubali kutoa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mke. Msomaji wa pwani hatahitaji mfasiri hapa. Anajua maana ya mke kwenda kwao, na anajua jinsi mume anavyotafuta wazee wa kwenda naye.

Hapa ndipo mila inapofanya kazi ambayo wahakiki wetu hawaitaji sana. Inambana mwanamke, ndiyo, lakini inambana na mume. Bugonoka ana nguvu kwa sababu ana mlango wa pili.

Lakini tusimpambe Kitereza kuliko haki yake. Wanaonena katika shauri lile ni wanaume, na heshima ya Bugonoka haitulii mpaka anapozaa Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Angebaki tasa, je? Riwaya haikuthubutu kwenda huko, ingawa maisha ya mwandishi yalikwenda: Kitereza na mkewe hawakubaki na mtoto, wala yeye hakuoa mke wa pili.

Tukimrudia Rosa, tunaona kilichopungua. Zakaria ameshika fimbo ya mila na kuutupa ulinzi wake. Anajua kumkataza binti, hajui kumsimamia. Regina, mama mtu, anabeba nyumba nzima, lakini katika nyumba hiyo sauti yake haina uzito wa sauti ya Namwero, baba yake Bugonoka. Kwa hiyo Rosa anapodanganywa na wakubwa wenye vyeo, hana mzee wa kwenda kudai kwa niaba yake, na nyumbani hawezi kurudi na aibu yake. Kuvuka ziwa hakukumwangamiza. Kilichomwangamiza ni kukosa pwani ya kurudia.

Sisi wapenzi wa ushairi tulimkabili Kezilahabi kwa vina na mizani baada ya Kichomi (1974), tukagombana naye sana, nadhani kupita kiasi. Swali hili la riwaya yake tukalipita mbio.

Nalo halijazeeka. Hapa Kirumba, kwenye soko la Mwaloni, mitumbwi hushusha dagaa kutoka visiwani, na wanawake wengi hununua, hukausha na kuuza. Wana fedha mkononi, jambo ambalo Bugonoka hakuwa nalo na Rosa alilitafuta kwa njia ya elimu. Ila fedha haijibu nani atasimama siku mume au jamaa zake watakapomvunjia mmoja wao heshima.

Jambo moja zaidi kuhusu Rosa. Barua iliyompatia kipigo iliandikwa na Charles, na ni Charles huyo huyo aliyerudi miaka baadaye kumchumbia, akamsikiliza akikiri yaliyompata, kisha akamkataa.