Joto Lililoandikwa Kwenye Tope

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamegombana miaka mingi juu ya pete za miti. Tangu Michael Mann na wenzake watoe mchoro wao mwaka 1998, swali ni lilelile: mti unaweza kuwa kipimajoto? Sisi wa Kigoma ugomvi wetu uko chini ya maji.

Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walichapisha makala katika Nature Geoscience. Walichukua tope la sakafu ya Ziwa Tanganyika wakapima mafuta yaliyoachwa humo na vijidudu, mafuta yanayobadilika kufuata joto la maji. Kichwa cha makala kinadai kwamba ziwa halijapata joto kama la mwishoni mwa karne ya 20 tangu mwaka 500. Hakuna "huenda" hata moja. Hapo ndipo ninaposita, maana vijidudu hivyo vinaishi pia kwenye kina, si juu tu dagaa walipo. Kipimajoto kipo, sawa, lakini kimetumbukizwa wapi?

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikuwa wameshasema katika Nature kwamba maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki na ya chini, chakula kinabaki kilindini, na samaki wanapungua. Jouko Sarvala na wenzake wakajibu mwaka 2006: kupungua kwa samaki wanaovuliwa kumetokana zaidi na mabadiliko ya uvuvi. Namsifu Sarvala kwa hilo neno "zaidi". Ni mwandishi anayeacha mlango wazi.

Mlango huo aliupitia Andrew Cohen mwaka 2016. Yeye na wenzake walihesabu mabaki ya samaki ndani ya tope, wakakuta yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza. Kwangu hii ndiyo makala bora kuliko zote, kwa sababu inauliza lini kabla ya kuuliza nani.

Na swali la nani si la maktaba, jamani. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa upande wetu wa ziwa. Karabai zikazimwa Kibirizi na Katonga. Hoja ya kupumzisha ziwa ni ya Sarvala, na ina nguvu yake. Ila aliyekaa miezi mitatu bila kipato alistahili kusomewa na Cohen pia, kwa Kiswahili, palepale mwaloni.