Nafasi za Mistari na Aya katika Ilani ya Ziwa Mweru

Kila mwaka, tarehe 1 Disemba inapowadia, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa na makinda yao yapate kukua. Na kwa kuwa ufuoni Nchelenge na Kashikishi hukutana watu wa ndimi mbalimbali, ilani ya amri hiyo yafaa isomeke kwa Kiingereza cha serikali, kwa Kibemba cha wenyeji, na kwa Kiswahili cha Wakongo, ambao baadhi yao huvuka maji kwa biashara, na baadhi wamepewa hifadhi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 ndani ya wilaya ya Nchelenge. Muradi wangu hapa si sheria ya uvuvi, bali ni jambo ambalo waandishi wa hati hulipuuza, nalo ni jinsi ya kuzipanga lugha hizo tatu juu ya sahifa moja kwa programu ya kompyuta, pasipo kumdhulumu msomaji wa lugha yoyote.

Kwa ajili ya uchambuzi huu nimepanga ilani ya namna hiyo, yenye vichwa 3 na aya 12, jumla mistari 40, kwa herufi za Times New Roman za pointi 12. Pointi ni kipimo cha wapiga chapa, na 72 kati yake hutimiza inchi moja. Karatasi ya A4 ina urefu wa pointi 842. Ukiacha pambizo ya sentimita 2.5 juu na chini, husalia takriban 700 za kuandikia. Mstari mmoja wa herufi hizo, ukiachiwa nafasi ya kawaida, hautwai pointi 12 kama wengi wanavyodhani, bali 13.8, kwa maana herufi zenyewe zimebuniwa na akiba ya nafasi juu na chini yake. Basi mistari ikifuatana bila pengo lolote, karatasi itachukua 50. Ikipewa kipimo cha 1.15 itachukua 44. Kipimo cha 1.5 kitaipunguza hadi 33, na maradufu hadi 25.

Makarani wengi, wakitaka kutenga aya na aya, hubonyeza Enter mara mbili, wakaona kazi imekwisha. Lakini pengo lile machoni pa programu si pengo hata kidogo. Ni aya kamili isiyo na neno, nayo hudai haki ya mstari mzima. Katika ilani yangu kuna mapengo 14 baina ya vichwa na aya, na 14 mara 13.8 ni pointi 193, yaani zaidi ya robo ya karatasi imeliwa na aya tupu. Iliyobaki inatosha mistari 36 tu, na mistari minne ya mwisho inaangukia karatasi ya pili. Mistari hiyo ni ya nani? Ni ya lugha iliyowekwa chini kabisa, ambayo katika mpango huu ni Kiswahili. Na karatasi ya pili, ikibandikwa ukutani penye upepo wa ziwa, ndiyo itanguliayo kubanduka. Mkimbizi au mchuuzi aliyesoma hadi katikati ya amri, asione mwisho wake, amenyimwa haki yake na kitufe kimoja cha kompyuta, wala sioni kwamba jambo hilo ni dogo.

Dawa yake ni kuifanya nafasi kuwa sifa ya aya yenyewe. Katika mpangilio wa aya, Word na LibreOffice zote mbili zina visanduku vya nafasi ya kabla na nafasi ya baada. Aya za kawaida nimezipa pointi 6 baada yake, bila kitu kabla. Vichwa nimevipa 12 kabla yake, bila kitu baada, ili kila kichwa kishikamane na maneno kinayoyatawala na kijitenge na lugha iliyotangulia. Kichwa cha kwanza hakihitaji nafasi hiyo, kwa hiyo jumla ni 72 kwa aya na 24 kwa vichwa viwili, pointi 96 badala ya 193. Mahali pa kutosha mistari 36 sasa panatosha 43, na ilani nzima imeingia. Ni bora zaidi vipimo hivi viandikwe ndani ya mtindo wa aya kuliko kupigwa aya moja moja, maana tafsiri ikirefuka au ikifupishwa, mpangilio hufuata wenyewe, ilhali aya tupu huhama na maandishi hadi ikajikuta juu ya karatasi pasipo kazi.

Nafasi ya mistari nayo ina hatari yake. Programu hutoa kipimo cha kuzidisha, kipimo kamili, na kipimo cha uchache. Kipimo kamili huvutia kwa kuwa hakibadiliki, walakini hakina huruma: nembo ikiwekwa ndani ya mstari uliofungwa kwa pointi 14, hukatwa ukabaki ukanda mwembamba wa picha, na mwandishi akadhani faili imeharibika. Ndugu zetu wa pwani wanaoandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu na wayajue hayo hususan, kwa sababu irabu zilizo juu na chini ya herufi huweza kukatwa vivyo hivyo. Kipimo cha uchache huwaafiki zaidi, maana huutanua mstari panapohitajika.

Zamani katika matbaa nafasi hii ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, vibamba vya risasi vilivyopachikwa baina ya safu za herufi. Thamani yake huonekana pale inapokosekana. Msafiri David Livingstone, aliyeufikia mwambao wa Mweru mnamo Novemba 1867, aliishiwa na karatasi, na mwaka 1871 akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea. Na wataalamu wa karne hii walilazimika kuzipiga kurasa hizo picha kwa mianga ya rangi mbalimbali ndipo mwandiko ukatengana na chapa.

Tahadhari moja zaidi yahusu vipimo visivyochaguliwa na mtu. Word ya 2003 ilianza kila hati kwa mstari wa kawaida bila nafasi baada ya aya. Ya 2007 ikaja na 1.15 na pointi 10. Ya 2013 ikaleta 1.08 na pointi 8. Sehemu ya Kibemba ikitoka kompyuta moja na ya Kiswahili nyingine, hukutana na mizani tofauti, kwa hiyo maneno na yabandikwe bila mapambo yake, kisha yavishwe mtindo mmoja.

Katika ilani yangu ilisalia akiba ya mistari mitatu. Sikuiacha chini ya karatasi. Niliigawa kwa mistari yote 40 kwa kipimo cha 1.08, kila mmoja ukawa na pointi 14.9, jumla 596 kati ya 604 zilizokuwapo, na lugha zote tatu zikapata upana ule ule.