Mafuta Yasiyo Mafuta: Uhakiki wa Istilahi za Klachi ya Pikipiki

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, istilahi zimezoeleka kupimwa kwa usahihi wa sarufi, ufupi na kukubalika kwake. Tunapenda kuongeza kipimo kimoja: je, mtu anayeifuata istilahi hiyo, spana mkononi, atakitengeneza chombo chake au atakiharibu?

Swali hili lilitujia tulipopitia tafsiri moja ya maelezo ya kutengeneza nyumbani klachi ya pikipiki inayosukumwa na kiowevu badala ya kuvutwa na waya. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria Mbeya na Iringa hutumia waya. Hata hivyo klachi ya kiowevu imo katika baadhi ya pikipiki kubwa, na kanuni yake ni ile ile ya breki ya diski, ambayo mafundi wa nyanda hizo wanaijua barabara.

Kwanza, mfasiri ameandika "kuitoa damu klachi". Ameyafuata maneno ya kigeni, maana imemponyoka. Fundi wa Mwanjelwa husema "kutoa upepo", naye amesema kweli. Hewa iliyonaswa bombani hubanika, kiowevu hakibaniki. Ndiyo sababu mkono wa klachi hulegea na gia hukataa kuingia. Ajuaye kwamba anatoa upepo ataelewa pia kwa nini skrubu ya kutolea hufungwa kabla ya kuuachia mkono: hewa nyingine isije ikavutwa ndani.

Pili, tumekuta "silinda bwana" na "silinda mtumwa". Msomaji hawezi kujua ipi iko wapi. "Silinda ya juu", iliyo kwenye usukani, na "silinda ya chini", iliyo kwenye injini, zingemwelekeza mara moja.

Tatu, na hili ndilo zito, ni neno "mafuta". Klachi nyingi za aina hii hutumia kiowevu cha breki, kama DOT 4, ambacho asili yake ni glaikoli. Nyingine hutumia mafuta ya madini. Tafsiri imeviita vyote "mafuta". Atakayemimina mafuta ya madini mahali pa kiowevu cha breki, sili za mpira zitavimba na kuharibika. Isitoshe, mafuta hayachangamani na maji, kama ajuavyo kila mpishi. Kiowevu cha breki hufyonza unyevu. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanywa maji, kiwango hicho cha chini kabisa hushuka hadi 155. Kwa mkazi wa Rungwe yenye mvua nyingi, au kwa anayeteremka Kitonga akitegemea breki zenye kiowevu hicho hicho, jina linaloficha tabia hiyo linahatarisha maisha.

Itasemwa kwamba mafundi wenyewe husema "mafuta ya breki". Ni kweli, na hapa hatuwezi kuwafuata kama tulivyowafuata katika "upepo". Fundi huona chupa na kusoma alama yake. Msomaji aliye peke yake nyumbani ana neno tu. Hivyo tunapendekeza maandishi yatumie "kiowevu cha breki", jina la mazoea litajwe mara moja mwanzoni, na "mafuta ya madini" yabaki kwa mafuta hasa.

Tunapendekeza pia kwamba orodha ya istilahi za ufundi isomwe gereji kabla ya kuidhinishwa mezani. Nasi tuliozoea meza tungeanza safari hiyo.