Kwato Zilitosha

Sekunde ya 41 mlango unafunguka na trela inawafia mikononi. Mlioiona trela ya bweni, ile ya wanafunzi wa mwaka wa pili, mnajua nasema nini: uso. Umepakwa unga mweupe, nywele zimemwagwa mbele, lenzi za rangi machoni, damu ya kutengeneza kidevuni. Klozapu, sekunde nne nzima, na chini yake ule mlio wa kubamiza ambao siku hizi hakuna trela inayothubutu kutoka nyumbani bila kuuvaa. Ukumbi ulipiga kelele mara moja. Sekunde ya pili mtu wa safu za nyuma akacheka, ya tatu wakacheka watano, na ya nne jini akapepesa macho.

Jini akapepesa macho! Sijui mhariri alikuwa anaangalia wapi.

Ningeiacha ipite kama nilivyoziacha nyingine, ila nilipotoka nje nikakuta wametundika storibodi yao kwenye korido, imebandikwa kwenye karatasi mbili za manila. Picha 26, zote za simu, zimechapwa sita kwa ukurasa, zikakatwa kwa mkasi na kupangwa kwa gundi. Chini ya kila picha wameandika kwa kalamu ya wino mzito: aina ya shoti, sekunde ngapi, kamera inaelekea wapi, sauti gani. Kazi safi. Nimeona filamu za fedha nyingi zilizopangwa ndani ya kichwa cha mwongozaji peke yake, na zikaonekana hivyo hivyo.

Nikaanza kuifuata kwa kidole. Geti. Ngazi. Bomba la maji linadondosha. Namba 16, msichana kitandani amevuta shuka hadi kidevuni, anatazama mlango. Nilipofika 17 kidole kikapanda: picha imevimba. Kuna picha juu ya picha. Iliyo juu ni ule uso, imeandikwa 17B. Kona ya chini kushoto gundi haikushika vizuri, nikaiinua kwa ukucha.

Chini yake kulikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ile inayobanduka vipandevipande. Uwazi chini ya mlango, upana wa vidole vitatu. Mwanga wa korido unapita hapo, na katikati ya mwanga upindo wa baibui na kwato mbili. Basi. Maandishi yanasema: "Sek. 2. Kamera imetulia. Kimya, halafu ko… ko."

Mtu wa Pwani haelezwi picha hiyo. Mombasa, Tanga, Bagamoyo, kila mtaa una binamu wa mtu aliyempakia usiku mwanamke mzuri wa baibui, gari likajaa harufu ya udi, mpaka dereva alipotazama chini. Hatukumbuki sura yake kwa sababu hadithi haina sura. Ina harufu, na ina miguu. Wanafunzi hawa walikuwa wameishika hadithi nzima ndani ya sekunde mbili, kwa jozi ya viatu vya maboksi na baibui la kuazima. Kisha wakaifunika kwa gundi.

Kijana aliyekuwa amesimama karibu na bango akaniamkia. Nikamuuliza hii waliitoa kwa nini.

"Mzee, tuliiweka kwenye grupu la darasa, watu wengi wakauliza, hii ni nini? 17B wote wakaipenda. Halafu tulipofika lokesheni tukajaribu tena ile ya kwato, ikakatika miguu."

Nianze na la miguu, maana ni dogo. Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4:3 na video kwa 16:9. Ukibakiza upana uleule unapoteza robo ya kimo cha fremu. Kwato zilikaa ukingoni kabisa mwa picha, kwa hiyo zikawa za kwanza kwenda. Dawa ni kuigeuza simu iwe kwenye 16:9 kabla ya kupiga picha ya kwanza ya storibodi, si kabla ya kushuti. Kama umeshachelewa na uko lokesheni, toa kamera kwenye stendi, weka mfuko wa mchele wa kilo 2 sakafuni, ilaze kamera juu yake. Itatulia na itakuwa chini kuliko stendi yoyote mtakayoazima. Mchele mtapika jioni.

Hilo la grupu ndilo kosa lenyewe. "Hii ni nini?" Kwenye tangazo la sabuni swali hilo ni msiba, mteja hajaelewa. Kwenye trela ya kutisha ni tiketi imeshauzwa! Mtu anayeuliza hii ni nini hataki kulala mpaka ajue, na kujua kunapatikana ndani ya filamu, kwa kiingilio. Wao walilisikia swali walilokuwa wanalitafuta, wakadhani ni lawama. Wakatoa jibu. Bure, sekunde ya 41.

Na hapa storibodi ya picha iliwaponza kwa namna ambayo ya kuchora isingewaponza. Mchoro wa penseli haumdanganyi mtu. Unajua wazi kwamba kazi yake ni kuonyesha nani asimame wapi. Picha nzuri inakutongoza. Unaacha kuuliza inafanya nini kati ya 16 na 18, unaanza kuuliza kama imependeza. Halafu picha haina muda. Ule uso wa 17B kwenye simu unatisha kweli, nakiri, aliyeupamba ana mkono. Unatisha kwa sababu umeganda: jicho halipepesi, koo halimezi mate. Uwashie kamera, fremu 25 kwa sekunde, na sekunde nne zinakuwa fremu 100. Thelathini za kwanza mtazamaji anaogopa. Sabini zilizobaki anakagua. Unga umeishia chini ya sikio. Lenzi ya kushoto imeteleza. Huyu si yule dada aliyecheza mwanzoni akipiga deki? Picha ilishinda kura kama picha. Hakuna aliyeipigia kura kama sekunde nne.

Chris Marker alilijua jambo hili mwaka 1962. La Jetée ina dakika zisizofika thelathini na karibu yote ni picha za mnato, moja baada ya moja, sauti ya msimulizi juu yake. Mahali pamoja tu picha inaamka na kuwa sinema: mwanamke amelala, anafumbua macho. Marker alipanga filamu nzima ili macho yale yakifumbuka liwe tukio. Wa kwetu macho yamewaponyoka. Mwalimu anayewapa wanafunzi kazi ya storibodi ya picha bila kuwaonyesha La Jetée kwanza amewapa panga bila ala.

Kinga yake wala si ghali. Ukishapiga picha zote 26, ziingize kwenye taimlaini ya programu ileile utakayotumia kuhariri, kila moja ikae sekunde zilizoandikwa chini yake. Chukua vifuu viwili vya nazi, gonga sakafuni, rekodi ko… ko yako. Zima taa, tazama kwenye skrini kubwa, simu ziwe mifukoni. Ni kazi ya jioni moja. 17B ingekufa jioni hiyo, kwa sababu picha ya mnato iliyokaa sekunde nne kwenye skrini kubwa inachosha hata kabla haijapepesa.

Mtaniambia uso ule ni heshima kwa Wajapani. Nywele mbele, ngozi nyeupe, ndiyo, tumeshaona wametoka wapi: Ringu ya Hideo Nakata, 1998. Sasa irudieni Ringu. Sadako anatoka ndani ya televisheni, anatambaa, anasimama, na uso wake huuoni. Unaonyeshwa jicho moja. Wameazima wigi, wakasahau kuazima kanuni.

Wakubwa wengine hata jicho hawakutoa. Trela ya Alien ya 1979: yai, nyufa, mwanga, watu wanakimbia, hakuna neno linalotamkwa, na dude lenyewe hulipati. Hitchcock, 1960, alitengeneza trela ya Psycho ya zaidi ya dakika sita ambamo anatembea tu ndani ya nyumba na moteli kama dalali anayeonyesha wateja chumba, anagusa hiki, anaacha sentensi katikati. Mwisho anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga kelele, na hata huyo si Janet Leigh tutakayemkuta bafuni kwenye filamu, ni Vera Miles. Mzee yule hakutoa kitu. Hata mpiga kelele alikuwa wa badala!

Najua kuna atakayenirudisha nyumbani: mbona mwongozaji Mussa Banzi, unayemsifu kila mwezi, kwenye Nsyuka na Shumileta hakuficha sura za kutisha? Hakuficha, na mimi bado namsifu. Lakini mtazamaji wa Banzi alikuwa ameshanunua kaseti. Anachofanya mwongozaji ndani ya filamu ni biashara yake na mtu aliyelipa. Trela ni mlangoni. Na Banzi, pamoja na kamera duni za wakati ule, alitisha kwa majini na mizimu ya hapa hapa, hakuagiza kutoka Tokyo.

Kwa mambo mengine sina ugomvi: sauti ya bomba ni ya kiwango, mwanga wa korido uko sawa, na msichana wa kitandani anajua kusubiri. Drone ya mwanzo ikipaa juu ya bweni itolewe. Nimeshaandika mara ngapi kwamba hakuna mtu aliyewahi kuogopa bati. Maandishi yote ya Kiingereza nayo yatolewe. Hadithi ya Kiswahili, jini wa Kiswahili, halafu tarehe ya kutoka tunaandikiwa kama tuko London. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, msimulizi Lufufu alikuwa akitutisha kwa Kiswahili kitupu, tena juu ya filamu za watu.

Labda nina kinyongo. Mwaka fulani nilikaa kwenye jopo la majaji la tamasha nisilolitaja, nikaipigania filamu fupi ambayo kitisho chake chote ni kifuniko cha kisima kinachosogea kidogo. Wenzangu wakampa tuzo yule wa damu. Sijawasamehe, na kila nikiona uso mweupe kwenye trela nawaona wao.

Vijana wameniambia trela itatolewa upya kabla ya filamu yenyewe, na kwamba shoti ya kwato waliishuti mara moja, wanayo, imekatika kidogo tu. Ishutini tena. Mnahitaji mlango, baibui na mfuko wa mchele. Bango bado lipo kwenye korido na 17B imeshikwa na gundi ya karatasi tu, kona moja imeshaachia.