Nati Juu ya Rangi
Walioshuhudia mashine mpya ya kusaga ikiwashwa kando ya ziwa, karibu na Mbamba Bay, wameona mabomba ya chuma ya kupitishia nyaya za umeme yaliyokunjwa vizuri na kufungwa ukutani bila kupinda. Hapo fundi aliyeyafunga apewe haki yake.

Kwenye boksi la umeme ndipo alipokosea. Aligonga nokauti, yaani kifuniko cha tundu la boksi, akapenyeza bomba, akakaza nati moja tu kwa ndani, juu ya rangi ya kijivu. Nje hakuweka kapula, yaani kiungio cha bomba, wala nati ya pili. Kisha akaacha kabisa kuvuta waya wa ethi hadi kwenye mota, kwa madai kwamba bomba lenyewe ni ethi.

Bomba la chuma linaweza kuwa ethi, lakini pale tu chuma kinapogusana na chuma. Rangi haipitishi umeme. Nati iliyokwaruza rangi hushika kwa ncha chache. Mota ikitetemeka msimu mzima, nati hulegea na unyevu huleta kutu.

Sasa waya wa moto uchubuke na kugusa mwili wa mota. Njia ya kurudi ikiwa na ukinzani wa omu 10, volti 230 zitasukuma ampea 23 tu. Breka ya ampea 32, aina B, huhitaji ampea 96 hadi 160 ili ikate papo hapo. Kwa 23 haitashtuka, na kifaa cha miliampea 30 cha kukata umeme unaovuja hakikufungwa. Omu hizo zikiwa nyingi pale kwenye nati, volti nyingi zitabaki kwenye mota, na anayemwaga mahindi yuko peku.

Wazee waliotoka karakana za Wabenediktini wa Peramiho wasingekubali. Walikwangua rangi kwa tupa hadi chuma king'ae, wakaweka kapula nje, wakakaza bushi ya brasi ndani kwa spana, na bado wakavuta waya wa ethi. Hiyo ilikuwa enzi ya jenereta za dizeli, kabla gridi ya Taifa haijafika Songea mwaka 2018 kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako.

Safu hii imelalamika mara nyingi pia kuhusu kipande cha plastiki kinachopachikwa katikati ya bomba la chuma. Kipande kifupi tu kinakata ethi yote iliyo mbele yake, na Mbinga mjini mtindo huo haujakoma.

Marekebisho ni haya: umeme uzimwe, nati ifunguliwe, rangi ikwanguliwe, kapula iwekwe nje, bushi ikazwe ndani, waya wa ethi wenye unene sawa na wa moto uvutwe hadi kwenye mota. Kisha mita ipime kutoka mwili wa mota hadi baa ya ethi, isome sehemu ndogo tu ya omu, kabla gunia la kwanza la mavuno halijafika mlangoni.