Miguu na Mikono Isiyo na Jina

Sanamu ya Askari iliyopo katika Barabara ya Samora, Dar es Salaam, hutazamwa na wengi kwa ajili ya shaba yake, ilhali maneno yaliyochongwa chini yake husomwa na wachache. Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1927, nayo ina wenzake Nairobi na Mombasa, kando ya barabara kuu za miji hiyo. Zote tatu zimeandikwa tamko moja kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na la Kiingereza lilitungwa na Rudyard Kipling. Ikiwa ni kazi ya mtunzi, tamko hilo lastahiki kuhakikiwa kama zihakikiwavyo tungo.

Mpango wake ni wa ngazi tatu. Kwanza wanatajwa askari wa Kiafrika waliopigana katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Kisha wapagazi, walioitwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho wengine wote waliokufa wakimtumikia mfalme. Istiara ya miguu na mikono ni nzuri, na ni ya kweli. Katika nyika za Tanganyika mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, na masika yaliyazamisha magari. Risasi, unga na dawa vilifika vitani kwa vichwa vya watu, kila mmoja akibeba mzigo wa kiasi cha kilo 25. Njia kutoka Kilwa na Lindi kwenda bara ilikuwa ndefu mno, hata mpagazi akala sehemu ya chakula alichokibeba kabla ya kukifikisha.

Lakini istiara hiyo yabeba na ila yake. Kiungo hakina jina. Jina ni la mwili. Mguu ukikatika, huhesabiwa kuwa hasara ya mwenye mguu. Aliyemwita mpagazi mguu alimsifu kwa kazi yake, na papo hapo akamnyima nafsi yake.

Ila hiyo yadhihirika zaidi katika sentensi ya mwisho, iliyo kama kituo cha ubeti. Humo msomaji aahidiwa kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni ya anayepigana. Mpagazi hakupewa bunduki, alipewa mzigo. Basi aliyetajwa katika ngazi ya pili ameachwa nje ya ahadi, na tamko lamsahau kabla halijakwisha. Wale waliolibebea jeshi la Wajerumani, wengi wao wakiwa wenyeji wa nchi hiyo hiyo, hawamo kabisa.

Tena, jiwe linaloahidi kumbukumbu ya majina halina jina hata moja la mpagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwaka huo huo. Radhi hiyo ilikuja baada ya waliokuwa na haki ya kuipokea kwisha kufa.

Kuna ukumbusho mwingine, usiochongwa na mtu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za watu zikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo, kwa matamshi ya Nairobi Kariokor. Hilo ni tamko fupi kuliko la Kipling, na limeenea kuliko lake, kwa kuwa hutajwa kila siku na wauzao na wanunuao. Hata hivyo halipasi kusifiwa kupita kiasi. Anayelitamka hufikiria soko, na mzigo auonao ni wa vitenge na vitunguu. Jiwe limehifadhi maana bila ya majina. Neno limehifadhi sauti bila ya maana.

Kati ya viwili hivyo pamebaki nafasi, nayo ni ya ushairi wa Kiswahili. Tenzi za pwani zimezoea kuwahesabu mashujaa mmoja mmoja, kwa jina, ukoo na mji. Utenzi utakaowahesabu wapagazi namna hiyo, kwa majina ambayo koo zao bado zinayajua, utatimiza ahadi ambayo jiwe liliiweka na halikuitimiza.