Injini Iwe ya Mwisho: Kuchagua Pikipiki ya Safari Iliyotumika

Mnunuzi wa Kampala hununua pikipiki kwa sikio. Anafika, anaiwasha, anavuta mafuta mara mbili tatu, anatikisa kichwa, kisha anauliza bei ya mwisho. Muuzaji analijua hilo, kwa hiyo fedha yake ya matengenezo ameiweka kwenye sauti: oili mpya nzito, plagi mpya, kabureta iliyosafishwa asubuhi ileile. Kwa bodaboda inayoshinda kati ya Bukoto na Ntinda, ukaguzi wa namna hiyo unaweza kutosha. Kwa pikipiki utakayoipakia mizigo na kuipeleka Kisoro, karibu kilomita 500 kutoka mjini, huko ni kuanzia mkiani. Injini ndiyo sehemu ambayo mafundi wetu wanaijua kuliko zote. Ringi, valvu na beringi hubadilishwa kila siku chini ya miembe. Fremu iliyopinda, nyaya zilizokatwakatwa na karatasi zenye utata ndizo zitakazokula fedha yako mwaka mzima na bado zisipone.

Bukoto ni mahali pazuri pa kutafutia. Kati ya Kira Road na mteremko wa Naguru kuna ofisi za miradi, maghorofa ya kupanga na nyumba za wageni wenye mikataba ya miaka miwili mitatu. Mkataba ukiisha, mwenye pikipiki anauza huku tarehe ya kupanda ndege anaijua, na hapo mnunuzi mwenye subira ana nguvu. Lakini pikipiki ya mgeni ina ugonjwa wake, nao ni kukaa. Petroli iliyolala miezi kwenye kabureta huacha utando unaoziba vitundu vya mafuta, betri hufa, mipira ya shokapu hukauka. Kilomita chache kwenye mita zisikulevye. Kuna pia pikipiki za miradi, kama Yamaha AG na DT125, zilizokuwa zikizungushwa vijijini na maofisa wa kilimo na afya. Hizo mara nyingi zimepata sevisi kwa ratiba, ila zimepita mikononi mwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyezionea uchungu. Bodaboda aina ya Boxer iliyostaafu kwenye steji iache, labda uwe unamjua aliyeiendesha.

Bajeti ninayoizungumzia ni ya mtu anayeweza kulipia Boxer mpya mbili, tatu akijikaza. Kabla ya kwenda kuona chochote, ondoa robo ya fedha hiyo uifiche, na usimtajie hata rafiki unayekwenda naye. Robo hiyo ndiyo matairi, cheni na sproketi zake, betri, pedi za breki na beringi za magurudumu. Pikipiki iliyotumika ambayo haitakudai walau nusu ya vitu hivyo katika miezi ya mwanzo bado sijaiona.

Ndoto nayo ipunguzwe mapema. Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman walipita Uganda katika safari yao ya Long Way Down, kutoka Scotland hadi Cape Town, wakiwa juu ya BMW R1200GS Adventure, na tangu hapo kila mwenye hamu ya safari anaiona BMW hiyo usingizini. Wao walikuwa na magari ya kuwafuata. Pikipiki ile ina uzito wa zaidi ya kilo 250 ikiwa na mafuta tu, kabla hujafunga sanduku. Ikikulalia kwenye utelezi wa milima ya Kabale saa kumi na mbili jioni, utaingoja hapo hadi wapite vijana wa kukusaidia kuiinua. Ted Simon alitoka London mwaka 1973 na Triumph ya cc 500 akaizunguka dunia kwa miaka minne. Kwa barabara zetu, cc 250 zinatosha mtu mmoja na begi, na 650 zinatosha wawili na masanduku. Kilichozidi hapo ni fahari, na fahari ina tairi lake la nyuma la bei yake.

Sasa twende kwenye chuma. Nenda mchana wa jua, na mwombe muuzaji asiioshe. Pikipiki iliyooshwa asubuhi imefutwa ushahidi: michirizi ya oili, vumbi lililonata kwenye shokapu, kutu iliyochungulia. Chuchumaa hatua chache nyuma yake uangalie kama gurudumu la nyuma na la mbele yamelala kwenye mstari mmoja. Kisha nenda kwenye shingo ya usukani. Rangi iliyokunjamana au kupasuka kwenye mabomba ya fremu nyuma ya shingo ni alama ya kugonga uso kwa uso, hata kama plastiki zote ni mpya. Geuza usukani hadi mwisho kila upande, utazame vile vizuio vidogo vya chuma vinavyoukomesha. Vikiwa vimebonyea, pikipiki ilianguka kwa kishindo ambacho hutasimuliwa.

Mahali ambapo ningekaa muda mrefu kuliko kwingine kote ni chini ya kiti. Pikipiki ya safari hubeba masanduku, na barabara zetu kuu zina matuta kila penye kituo cha biashara. Ukitoka Kampala kwenda Masaka utayahesabu hadi uchoke. Kila tuta hulivuta sanduku chini, na mzigo wote huo huning'inia kwenye fremu ndogo ya nyuma inayoshika kiti na keria. Nyufa huanzia karibu na tundu la bolti, nyembamba kama unywele. Vua kiti, pitisha kidole, washa tochi ya simu. Ukikuta mshono wa kuchomelea, ulinganishe na wa upande wa pili: mshono wa kiwandani huwa na mwenzake anayefanana naye, wa mtaani huwa peke yake. Mafundi wa Katwe wana mikono ya ajabu, na geti walilolichomelea litaishi kukuzidi wewe. Bomba jembamba la fremu ni jambo jingine. Moto ukizidi, chuma cha pembeni ya mshono hudhoofika, na ufa hurudi palepale jirani. Fremu ya nyuma inayofungwa kwa bolti unaweza kuinunua nyingine. Ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na fremu kubwa na tayari ina viraka, mshukuru mwenyeji uondoke.

Magurudumu hayahitaji muda mrefu. Inua la mbele, lizungushe, utazame rimu ikipita karibu na shokapu: panapocheza ndipo palipokutana na tuta. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Zilizokazwa vizuri hulia mlio unaokaribiana, iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Gurudumu likiwa bado juu, sukuma usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimechimbika, na kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa pikipiki hiyo itakuwa inajiendea. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi lililopita miaka sita saba, hata kama meno yake ni marefu, huwa gumu na huteleza kwenye lami yenye maji.

Nati na skrubu ndizo zinazotoa sifa za fundi aliyepita. Kona za nati zikiwa zimelika, alitumia koleo badala ya spana. Pikipiki za Japani za zamani zina skrubu za msalaba za kipimo cha kwao, na bisibisi ya kawaida huzitafuna vichwa. Vichwa vizima kwenye kifuniko cha injini vinakuambia kwamba aliyeifungua alikuwa na vifaa na utulivu, au kwamba haijafunguliwa. Gundi nyekundu ya gasketi iliyofurika pembeni mwa vifuniko inasema kinyume chake. Alama hizi naziamini kuliko kitabu cha sevisi.

Umeme sasa. Nunua kipima volti cha bei rahisi uende nacho. Betri nzima iliyotulia husoma karibu 12.6, injini ikizunguka kwa kasi ya wastani inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini, haichajiwi; ikipita 15, kidhibiti chaji kimekufa na betri inapikwa. Honda Transalp, ambayo naipenda, inajulikana kwa kuchoka kidhibiti hicho, kwa hiyo ipime bila aibu. Halafu fuata nyaya kwa macho. Alamu ya kuzuia wizi, taa za ziada, honi ya lori: kila kimoja kilifungwa na mtu aliyekata waya mahali fulani na kuuzungushia tepu. Mvua ya Aprili itapapata pale palipokatwa.

Kabla ya kugusa ufunguo, fungua kichujio cha hewa. Vumbi letu jekundu ni laini na linakata, na kichujio kilichopasuka hulipeleka moja kwa moja kwenye silinda. Ndani ya sanduku, upande wa injini, pangusa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na wekundu, injini hiyo imekuwa ikila mchanga, na sauti yake tamu ya leo haina mkataba na kesho. Bonyeza pia mpira unaoshika kabureta. Jua la hapa huupasua, na injini huvuta hewa ya wizi.

Injini yenyewe ikute ya baridi. Weka kiganja juu yake ufikapo: ikiwa na joto, mwambie, "Ssebo, nitarudi kesho asubuhi," na urudi kweli. Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe usioisha baada ya injini kupata moto, kwa injini ya maji, ni gasketi ya kichwa. Kisha iendeshe. Panda kilima cha Naguru kwa gia kubwa: sauti ikipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Gia ya pili ikijichomoa ukiwa na mzigo, hiyo ni kazi ya kupasua injini nzima. Malizia kupitia Kisaasi hadi Northern Bypass, uachie mikono kidogo tu, usikie kama inavuta upande.

Kuhusu aina, maoni yangu ni haya. Ukiipata Honda XR250, iwe Tornado au Baja ya taa mbili kubwa, yenye fremu safi, usitafute zaidi. Ni nyepesi, injini yake inapozwa kwa hewa, na fundi yeyote anayejua pikipiki haitamshinda. Suzuki DR650 inaifuata kwa sababu hizohizo, ikiwa na nguvu ya kubeba abiria. Kawasaki KLR650 ni punda mwaminifu, ila zile za kabla ya 2008 zina kipande dhaifu ndani kinachokaza cheni ya mizani. Uliza kama kimebadilishwa, na asiyekuelewa ujue hakijabadilishwa. BMW F650GS ya silinda moja ni starehe barabarani, lakini tazama kitundu kidogo chini ya pampu ya maji. Kikidondosha, sili zimekwisha, na spea zake hutazipata sokoni Kisekka. Africa Twin 750 ya kuukuu kwa bajeti hii huwa inauzwa kwa sababu. Na Boxer 150 mpya si chaguo la kudharauliwa: spea zake ziko kila kijiji kutoka Mutukula hadi Moroto, jambo ambalo hakuna BMW inayoweza kulidai.

Karatasi nazo zina sumu yake hapa Bukoto. Namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu ilingane herufi kwa herufi na logibuku, na pasiwe na alama ya msasa kuizunguka. Pikipiki iliyoingizwa na ubalozi au mradi kwa msamaha wa ushuru hudaiwa ushuru huo inapouzwa kwa mtu asiye na msamaha. Yenye namba za Kenya iliyoingia kwa muda hali yake ni hiyohiyo. Ushuru ulipwe na risiti uione kabla fedha haijatoka mfukoni. Logibuku ikiwa "iko kwa mkopeshaji", basi mwende kwa mkopeshaji wote wawili, kwa sababu bodaboda nyingi hununuliwa kwa mkopo na haziwi mali ya dereva hadi awamu ya mwisho. Ukitarajia kuvuka Busia au Katuna, uliza mapema juu ya Kadi ya Njano ya COMESA, maana bima ya kawaida ya hapa huishia mpakani.

Ukishailipia, usiondoke nayo kwenda Kidepo wiki ileile. Badilisha oili, kichujio, mafuta ya breki na tyubu zote mbili, uifahamu kwa safari za Jinja. Ni kilomita 80 tu, na malori ya kukurudisha na pikipiki yako hayakosekani barabara ile usiku wala mchana.